Rili ya Kulia

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu. Hakuwahi kuoa, dada yake wa pekee hakuwahi kuolewa, na kwa hesabu ya ukoo wowote unaojiheshimu hakukuwa na binadamu chini ya jua aliyepaswa kumwita hivyo. Jina alilipata kwa sababu yeye mwenyewe alimwita kila mtu shemeji: askari wa zamu shemeji, muuza mkaa shemeji, hata mbwa wa geti la benki alipomkoromea aliambiwa, "Taratibu shemeji, tutaelewana." Alikuwa amegundua mapema kwamba ukimwita mtu bwana anakukagua viatu, ukimwita ndugu anashika mfuko wake, lakini ukimwita shemeji anasita kidogo, anatabasamu, anajiuliza: huyu kamuoa nani kwetu? Ndani ya kusita kule ndimo Shemeji alimopatia riziki.

Asubuhi moja alikuwa akikatiza soko la vyuma chakavu, si kwa kununua kitu, bali kukwepa barabara kubwa ambako mashemeji wawili watatu walikuwa wakimuulizia. Kando ya pasi za mkaa na mizani isiyo na sahani akaona lundo la rili, vile vigurudumu vinavyofungwa kwenye fimbo ya kuvulia samaki ili kuzungushia mshipi. Zilikuwa za zamani, za chuma na shaba, za kabla plastiki haijaingia mjini na kuharibu heshima ya vitu. Mwenye soko alikuwa akiziuza kwa kilo, bei moja na misumari.

Mbele ya lundo alichuchumaa mzee mmoja nadhifu, miwani juu ya paji, ameweka rili sikioni kama mtu anayepokea simu kutoka mbali. Akazungusha kishikio. Hakusikia kitu. Akairudisha, akachukua nyingine, akasikiliza tena.

Shemeji akasimama. Mtu anayenunua chuma kwa sikio, alijiambia, hanunui chuma.

"Shikamoo shemeji. Unaongea na nani humo?"

"Marahaba," akasema mzee, akasita, akatabasamu. "Naongea na bubu, kijana. Zote bubu."

Alikuwa meneja wa benki aliyestaafu. Akaeleza kwamba yeye na wazee wenzake huvua kwenye bwawa la nje ya mji, na kwamba rili mpya za dukani zimenyamaza kama mke aliyenuna. Zile za zamani zilikuwa na kijino na springi ndani. Samaki akivuta mshipi, zinapiga kelele. "Wewe umesinzia kwenye kiti chako, rili inakuamsha. Inalia! Lakini hizi kutu imezila ulimi."

"Kumbe!" Shemeji akapiga goti karibu naye, kwa huzuni kama ya mtu aliyefika msibani. "Basi shemeji, wewe hutafuti rili. Wewe unatafuta rili ya kulia."

"Ya kulia?"

"Ndivyo mafundi wa zamani walivyoziita. Kuna rili, na kuna rili ya kulia. Hizi unazoziona hapa ni vyuma. Za kulia wanazo watu, wamezificha. Mimi nawajua."

Hapo ndipo neno lilipozaliwa, na baba yake mzazi ni Shemeji. Mlikumbuke, maana mtoto huyu atakuja kumpiga baba yake.

Meneja alipoondoka, Shemeji alinunua lundo zima kwa kilo, pamoja na misumari iliyokuwa imejichanganya, akalipeleka nyumbani ndani ya koti lake.

Koti hilo nalo lazima niliseme. Lilikuwa la kijivu, la suti ya marehemu baba yao, na dada yake aliyekuwa fundi cherehani alilifumua na kulishona upya limkae yeye mabegani. Alimshonea ili akatafute kazi ya ofisini. Shemeji alilitazama kwenye kioo, akaona hakuna haja ya ofisi: koti lenyewe lilikuwa ofisi. Akalivaa bila kulivua, akaongeza mifuko ndani ya mifuko, na mji mzima ukaanza kumsikiliza. Dada alipong'amua kinachoendelea, alimwambia neno moja, nalo hakulirudia: "Koti la baba halitauzwa wala kuwekwa rehani. Siku litakapotoka mgongoni mwako kwa ajili ya ujanja wako, na wewe toka mlangoni mwangu." Wakati huo alikuwa akikata kitambaa. Mkasi ulisema kacha! na Shemeji akaelewa.

Sasa, rili bubu inahitaji springi. Springi zinapatikana wapi? Nyumba ya fundi cherehani ina bati la biskuti, na ndani ya bati hakuna biskuti, kuna vipuri vya mashine zilizokufa. Shemeji alianza na hizo. Alikata kijino kwenye kitana, akakibana kwa springi ndogo ya kushikilia uzi, akazungusha. Krrrrrr! Bibi jirani alifungua dirisha kuuliza nani anamkanyaga jogoo. Springi za kwenye bati zilipokwisha, alichungulia kulia, akachungulia kushoto, akatoa moja kwenye cherehani yenyewe. Cherehani ilikuwa kubwa, alijiambia. Haitajua.

Siku zilizofuata bwawa lilipata mgeni. Shemeji alipita kati ya viti vya kukunja vya wastaafu, koti limefungwa vifungo vyote, akichomoa rili moja moja kama daktari anayetoa kichanga.

"Hii, shemeji, ilikuwa ya daktari wa meno. Alikuwa akiizungusha wagonjwa wasisikie ile mashine nyingine."

"Na hii?"

"Hii ya nahodha aliyepofuka. Alivua kwa masikio miaka yote, na mkewe hakujua kama haoni."

Wazee walicheka, lakini mikono yao ilikuwa tayari mifukoni. Kilichowamaliza kabisa ni namna alivyozizungusha. Shemeji alikuwa wa shoto. Tangu utotoni dada yake alimchapa vidole mezani akisema, "Mkono wa kulia ndio wa kulia!" lakini vidole viligoma kuhama. Kwa kuwa rili zote zile zilikuwa na kishikio upande wa kulia, yeye alizigeuza kichwa chini ndipo mkono wake ukafika. Wazee hawakuona shoto, waliona utaalamu. Kabla jua halijachwea kila mmoja alikuwa akizungusha rili yake kichwa chini na kuumwa kiwiko.

Biashara ikawa tamu. Ila springi ya cherehani imezoea kuvutana na uzi, haijazoea kuvutana na kambale. Moja baada ya nyingine rili zikaanza kukwaruza, kukohoa, kisha kunyamaza kabisa. Shemeji, kwa busara, akaacha kupita bwawani.

Nyumbani nako mambo hayakuwa shwari.

"Cherehani yangu inaruka mishono," alisema dada yake jioni moja, ameinua sketi ya mteja aone mshono unavyochechemea. "Kuna panya humu ndani anakula chuma."

"Panya wa siku hizi, dada. Hawana adabu."

"Nitamtega."

"Mtege tu, dada. Usimhurumie."

Dada alimtazama kidogo, akakata uzi wa kijani kwa meno, akaendelea na kazi.

Haikupita muda Shemeji akakutana na Meneja uso kwa uso nje ya banda la kinyozi, pasipo na uchochoro wa kukimbilia. Alikuwa ameandaa uongo wa aina tatu, lakini mzee alimkumbatia.

"Shemeji wangu! Nimekutafuta mpaka nimechoka."

"Na mimi, shemeji. Nilikuwa... nilikuwa msibani."

"Pole. Sikiliza. Skuta yangu unaijua?"

Nani asiyeijua? Skuta ya buluu, kioo kila upande, inang'aa kama sahani ya harusi. Shemeji alikuwa akiiota. Mjanja wa miguu ana kasoro moja kubwa: akishamaliza kazi lazima aondoke kwa mwendo uleule wa aliyetapeliwa.

"Goti langu halinipi ruhusa tena," akasema Meneja. "Inakaa tu inanitazama. Mtu atakayeniletea rili ya kulia, ya shaba, ya zamani, nzima kabisa, ataondoka nayo. Sitaki pesa juu. Rili kwa skuta."

Moyo wa Shemeji uliruka mshono. "Ya kulia, shemeji?"

"Ya kulia. Umenisikia vizuri? Nisije nikaletewa nyingine halafu tukaanza kuoneshana kamusi."

"Ya kulia. Nimesikia."

"Rudia."

"Ya kulia!"

"Wewe ni shahidi," Meneja akamwambia kinyozi, na kinyozi akatingisha wembe.

Siku hiyohiyo, wanapakua chakula, dada akasema tu, kama mtu anayezungumzia mvua: "Yule mkunga mstaafu wa geti la kijani kaniletea mapazia. Anahangaika na vikorokoro vya marehemu mumewe. Fimbo za kuvulia, sijui na dude gani la shaba linalopiga makelele. Anasema paka hawalali."

Shemeji alimeza tonge bila kutafuna.

Kesho yake alikuwa kwenye geti la kijani.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu," akasema mkunga, mama mnene mwenye mikono iliyotulia. "Shemeji kwa nani?"

"Kwa ndugu yangu, mama."

"Ndugu yako yupi?"

"Yeyote atakayebahatika."

"Keti, mwanangu. Nimezalisha mtaa huu mzima, na hata wewe nilikupokea. Watoto wengine hutanguliza kichwa. Wewe ulitanguliza mdomo."

Akaleta rili ndani ya soksi ya sufu. Shemeji aliitoa, na kwa mara ya kwanza katika biashara hii aliona kitu kizuri kweli. Ilikuwa ya shaba, nzito, ya mviringo kama mwezi mdogo, imesuguliwa na viganja vya mtu aliyeipenda. Mkono wake ukakuta kishikio bila kukitafuta. Hakugeuza kitu kichwa chini. Akazungusha, na rili ikazunguka kama mafuta yanayomiminwa. Akaachia, akavuta mshipi, ikalia. Haikukwaruza kama zile za kitana. Ilitoa sauti nyororo, ndefu, iliyopanda mpaka darini. Paka wawili walitoka kwa dirisha.

"Hii inalia," akanong'ona.

"Inalia sana. Marehemu alikuwa akiizungusha nikimgombeza."

"Nikupe ngapi, shemeji?"

"Pesa? Nikiwa na pesa watoto wa ndugu wanaanza kunisalimia. Sitaki." Akamtazama kuanzia kola mpaka chini. "Nataka koti hilo."

Shemeji alishika kola kama koti limeitwa mahakamani. "Koti hili?"

"Kaka yangu anatoka alfajiri kila siku, anakwenda kukaa kwenye unyevu. Kifua chake si kizuri. Koti hilo lingemfaa."

"Shemeji, chagua kitu kingine. Nitakupakia rangi ukuta. Nitakuletea kuni..."

"Basi rudisha soksini."

Shemeji hakurudisha soksini. Alikaa pale akipima. Upande mmoja, mkasi wa dada: kacha! Upande mwingine, skuta. Koti likitoka, nyumba imetoka. Lakini nani kasema dada lazima ajue? Kwenda bwawani ni mwendo mfupi; kurudi atarudi amepanda. Kwa mkunga huyu ataligomboa koti kwa maneno mawili, akikosa matatu. Hakuna mtu aliyewahi kumnyima kitu mtu mwenye skuta.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shemeji akainama, na alipoinuka alikuwa na shati tu, shati lililopigwa pasi kifuani peke yake, mahali palipokuwa pakionekana.

Njiani aliona ajabu. Alimwita askari shemeji, askari akamwomba kitambulisho. Akamwita muuza mkaa shemeji, muuza mkaa akamuuliza, "Kwa nani?" Mji uleule, mdomo uleule, koti tu halikuwepo. Akakaza mwendo.

Bwawani wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vyao, na skuta ilisimama kivulini, imeoshwa. Shemeji hakusalimia kwa kirefu. Alitoa rili soksini, akaiinua, akavuta mshipi. Sauti ilipita juu ya maji. Wazee wawili walivua kofia.

"Hiyo!" akasema Meneja. "Lete niione."

Akaifunga kwenye fimbo yake, akakaa sawa, akapeleka mkono wa kulia kwenye kishikio. Mkono ukashika hewa. Akapapasa juu, akapapasa chini.

"Shemeji, kishikio kiko wapi?"

"Kile pale, shemeji. Upande ule."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Na mimi niliagiza ya wapi?"

Shemeji alifungua mdomo. Kisha neno lake mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, likatoka limebeba fimbo.

"Ya... ya kulia."

"Ahaa."

"Lakini inalia! Shemeji, si umeisikia? Inalia mpaka ng'ambo!"

"Inalia, sikatai. Hata wewe unakaribia. Lakini si ya kulia. Mimi mkono wangu wa kushoto hauwezi hata kukoroga chai."

"Hapana, shemeji, ya kulia maana yake ya kutoa sauti! Neno hilo nalijua, nimelitunga mimi mwenyewe!"

Meneja akashusha miwani kutoka kwenye paji.

"Umelitunga? Si ulituambia ni la mafundi wa zamani?"

Mzee mmoja alianza kucheka mpaka kiti chake cha kukunja kikajikunja. Meneja alitia mkono mfukoni, akatoa kipande kidogo cha chuma kilichopinda, kimezungukwa na unyuzi wa kijani.

"Hii imetoka ndani ya rili ya daktari wa meno. Nieleze, kijana: daktari huyo alikuwa pia akishona sketi?"

Shemeji aliutazama ule uzi. Aliujua. Alikuwa ameuona ukikatwa kwa meno.

"Suruali hii niliipeleka kwa fundi anipunguzie urefu," akaendelea Meneja, kwa upole wa mtu anayekunyima mkopo. "Nikamkuta analalamika kuna panya anakula springi. Nikamwonesha hii. Tukamjua panya. Mtego aliuwaza yeye. Alisema, mdogo wangu ni wa shoto, mpeni ya kushoto, hatagundua mpaka kiama. Na yule mkunga ni dada yangu. Umeona eh? Kila mtu ana dada."

"Na skuta?"

"Skuta inasubiri rili ya kulia, inayofanya kazi. Nilizonazo zote ni za kulia, ila wewe uliziua. Nenda nyumbani, kumeshapikwa."

Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Na wajinga wakierevuka kwa pamoja, huku wana dada, mwerevu hana pa kukimbilia. Shemeji alirudi kwa miguu, kwa mwendo uleule wa aliyetapeliwa, rili imo ndani ya soksi.

Mlangoni alisimama. Ulikuwa mlango wake tangu utoto, lakini hakuthubutu kuusukuma. Ndani cherehani, kwa springi ya kuazima, ilikuwa ikienda vizuri sana, haikosi mshono.

"Hodi."

Cherehani ikanyamaza. "Nani?"

"Shemeji."

"Sina mume. Shemeji atatoka wapi?"

"Ni mimi, dada."

"Mimi nani?"

Jirani alikuwa amefungua dirisha. Shemeji akasogeza uso karibu na ubao wa mlango, akataja taratibu jina alilopewa na mama yake, ambalo hakuwa amelitumia tangu alipojifunza kusema uongo.

Komeo likaondolewa.

Koti la baba lilikuwa limening'inia nyuma ya cherehani, limefika kabla yake. Dada alilishusha, akalikung'uta, akamshikia avae kama alivyokuwa akimvalisha sare ya shule. Joto likamrudia mgongoni. Akanyoosha kola, akapeleka mkono mfukoni, na mkono ukateleza ukaangukia hewani. Akajaribu mfuko wa pili. Akajaribu wa ndani, na ule wa ndani ya wa ndani. Yote ilikuwa imeshonwa, mshono mdogo mdogo, imara, uzi wa kijani.

"Dada, mifuko iko wapi?"

"Mtu mwaminifu hubeba vitu vyake mkononi. Kesho utakwenda bwawani, utafungua rili moja moja, utoe vitana vyako, uwatengenezee wazee wa watu vijino vya chuma. Nitakuazima tupa. Springi zangu ninazitaka zote."

"Na baada ya hapo, koti utalifumua?"

"Tutaona mishono itakavyokuwa."

"Na hii?" Akanyanyua soksi.

"Hiyo ni yako. Umeinunua, bei umelipa. Mkunga kasema hakuna mwingine mtaani anayeweza kuizungusha, ilikuwa ikikaa bure tangu mumewe aondoke. Naye alikuwa wa shoto. Kaa ule."

Akakaa. Aliweka rili mezani, akanawa, na kwa adabu kubwa, adabu ya mtu aliyenusurika, akapeleka mkono wa kulia kwenye sahani. Tonge la kwanza likamponyoka. La pili likadondoka kwenye koti.

Dada alimtazama. Kisha, yeye aliyemchapa vidole vile utoto mzima, akaisukuma sahani taratibu mpaka upande wa kushoto.

"Kula kwa mkono wako," akasema. "Leo kulia kwako ni huko."

Alikula kwa mkono wa kushoto. Baadaye dada akainua kichwa.

"Unalia?"

"Mimi? Aa-aa. Hiyo ni rili."

Rili ilikuwa mezani, kimya kama benki siku ya Jumapili.